Siku Lihangwe Ilipokataa Kupiga Makofi

Kijiji cha Lihangwe kimekaa mgongoni mwa milima ya Umatengo, mahali ambapo ukiitazama Maguu unaitazama kwa kuinama, na ukiitafuta hifadhi ya Liparamba unashuka mpaka magoti yanalalamika. Hakina lami, hakina benki, na mtandao wa simu hupatikana kwa kusimama juu ya kaburi la padri mmoja Mjerumani, ambaye Mungu amrehemu kwa huduma hiyo anayoendelea kuitoa. Lakini kwa kupiga makofi, Lihangwe haijawahi kushindwa na kijiji chochote.

Makofi hayo yalikuwa na mkuu wake, naye aliitwa Bonifasia. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye mabega ya mtu aliyechimba ngolo, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, tangu utotoni na sauti iliyoweza kumgeuza ng'ombe aliyeko ng'ambo ya bonde. Binti yake, Eunice, alikuwa ameolewa kijiji cha Mkumbi, naye mama mtu kijiji kizima kilimwita Mama Eunice. Yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha kupokea wageni. Gari likionekana tu kwenye kona ya chini, hata likiwa la muuza magodoro aliyepotea njia, Bonifasia alikuwa ameshajifunga kitenge cha pili kiunoni na kusafisha koo. Alishampokea askofu. Alishampokea bwana wa chanjo ya ng'ombe. Alishampokea hata msoma mita za umeme, mwaka ambao umeme wenyewe ulikuwa haujafika, na maskini yule aliondoka akifuta machozi kwa kuwa hakuwahi kupendwa kiasi kile mahali popote.

Kwa hiyo mwezi wa pili, wakubwa wa halmashauri walipopanda na mgeni mmoja mwenye kofia pana na buti za ngozi, mambo yalikwenda kama kawaida. Mkutano ulifanyika darasani kwa sababu ya mvua. Mvua ile ilipiga bati kama watu wanaomwaga mawe, na mgeni alieleza jambo refu lenye maneno kama "uwekezaji" na "kitalu" na "fursa." Hakuna aliyesikia hata robo. Alipofunga mdomo, watu walielewa kwamba amemaliza. Bonifasia akapasua kigelegele, wenzake wakamjibu, na darasa zima likapiga makofi mpaka popo wakahama dari.

Hayo ndiyo makofi yaliyoleta msiba.

Mwezi wa sita, kahawa ikiwa imeiva, mwenyekiti wa kijiji alirudi kutoka wilayani akiwa na uso wa mtu aliyemeza kitu kizima kizima. Mzee Mansuetus alikuwa mtu wa taratibu. Inasemekana hata nyumbani kwake chakula hakiliwi mpaka akidi itimie. Aliwakuta watu kwenye mashine ya kumenya kahawa wakisubiri zamu, akapanda juu ya gunia, akakohoa mara mbili kama inavyotakiwa, akawasomea rasimu ya sheria ndogo ya uwindaji.

Rasimu ilisema hivi: msitu wa Lihangwe, wote, kutoka chemchemi mpaka ukingo unaotazama Liparamba, uingizwe kwenye kitalu cha uwindaji. Wageni wenye vibali watakuja kupiga palahala, pofu na chui. Wanakijiji hawataruhusiwa kukanyaga humo msimu wote wa kuwinda, si kwa kuni, si kwa uyoga, si kwa maji. Na msimu wenyewe unaanza mwezi wa saba, wakati visima vya juu vimekauka na kijiji kizima kinakunywa chemchemi moja tu, ile ya msituni.

"Nani amekubali upuuzi huu?" akauliza Xaveri, mfuga kuku, aliyekuwa mbele kabisa kwenye foleni.

Mzee Mansuetus akageuza ukurasa. "Sisi," akasema. "Imeandikwa hapa: wananchi wa Lihangwe walilipokea pendekezo kwa makofi na vigelegele vya muda mrefu."

Foleni nzima ikageuka kumtazama Bonifasia. Aliyesema ni Saida, mwenye duka la dagaa na samaki wa kukausha, mzaliwa wa Mbamba Bay aliyeolewa pale, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa.

"Mama Eunice, dada yangu," akasema Saida, "vigelegele vyako vimesafiri safari hii. Vimefika wilayani na vikapewa kiti."

"Apige kingine," mtu akadakia nyuma. "Labda wachukue na mashamba."

Watu wakacheka. Bonifasia akanyanyua ndoo yake ya kahawa, ambayo ilikuwa bado haijamenywa, akaondoka nayo.

Kilichomuuma si kicheko. Alishachekwa kabla, na mara nyingi yeye ndiye aliyeanzisha. Kilichomuuma ni kwamba msitu ule ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa marehemu Meshack, mume wake. Enzi ambazo kila mtu alikuwa anapandisha shamba juu mlimani na shoka mkononi, Meshack ndiye aliyesimama mbele ya wazee wenzake akasema hapa tuache. Walimwita mvivu. Walisema anawaonea huruma nyani. Yeye akaendelea kusema, mkutano baada ya mkutano, mpaka wakachoka wao kabla yake, kisha akawaongoza kupanda mstari wa mikuyu kuzunguka msitu mzima uwe mpaka. Leo mikuyu ile inatoa kivuli, chemchemi haijakauka hata mwaka mmoja, na palahala wanaopanda kutoka upande wa Liparamba hulala humo na pembe zao zilizopinda kama miundu. Meshack alikesha miaka akiulinda kwa maneno. Mke wake akaugawa kwa kigelegele kimoja.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa mwenyekiti kabla mzee hajanawa uso.

"Shikamoo Mwenyekiti. Nataka kujua tunavyolitoa jina letu kwenye ile karatasi."

"Marahaba, Mama Eunice. Kaa." Mzee Mansuetus alitamani kwanza kufungua kikao, lakini walikuwa wawili tu. "Iko njia. Kabla rasimu haijaenda kwa madiwani, Afisa wa halmashauri, yule kijana aliyekuja na mgeni, anarudi hapa Jumamosi kusikiliza mapingamizi. Mkutano mkuu ukikataa, inabidi aandike tumekataa. Usipokataa, imekwisha."

"Basi tutakataa."

"Tutakataa," mzee akakubali, kisha akashusha sauti. "Tatizo ni kwamba yule kijana ana adabu. Atatusalimia vizuri. Atatusifu. Na watu wetu unawajua."

Bonifasia aliwajua. Alikuwa amewafundisha yeye.

Walikwenda kumwona Ildefonsi, katekista, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na uzoefu mrefu wa kuwakataza watu wa Lihangwe mambo na kutosikilizwa. Ildefonsi alipendekeza jaribio. Alhamisi jioni, watu walipokusanyika kwa sala ya jumuiya, aliwatangazia kwa ukali kwamba kuanzia dakika ile hakuna kupiga makofi mpaka Jumamosi ipite. Wote wakaitikia kwamba wameelewa. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba choo cha kanisa kimekamilika.

Makofi yalisikika mpaka bondeni. Mtu wa kwanza kupiga alikuwa Mzee Mansuetus.

"Mnaona," akasema Ildefonsi kwa huzuni. "Shida si vichwa. Vichwa vimeelewa. Shida ni mikono, inatangulia."

"Basi mikono tuipe kazi," akasema Bonifasia.

Na ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumamosi ile, Praygod, Afisa kutoka halmashauri, kijana mpole wa Kilimanjaro aliyepiga pasi mpaka soksi, alishuka garini akakuta mkutano mkuu ambao haujapata kuonekana katika historia ya serikali za mitaa. Watu walikuwa wamejaa uwanja wa shule, na kila mmoja alikuwa amekumbatia kitu kwa mikono yote miwili. Kulikuwa na maboga. Kulikuwa na watoto wachanga, baadhi yao wa kuazima. Kulikuwa na majembe, vinu, mikungu ya ndizi na debe moja la pombe ambalo mwenye nalo aliahidi kuwa halijafunguliwa. Xaveri alikuwa na jogoo. Saida alikuwa na samaki mkavu wa urefu wa mkono, mbasa halisi wa Ziwa Nyasa, amemshika kama bunduki begani. Ildefonsi alibeba kengele ya kanisa, ile ya mkononi, ameushika ulimi wake kwa vidole isilie. Mwenyekiti, kwa kuwa cheo kina masharti, alishika muhuri mkono huu na kidau cha wino mkono ule. Bonifasia alisimama mbele na boga kubwa kuliko yote, na hapakuwa na wimbo.

Dereva aliyezoea kuimbiwa alishuka, akangoja kidogo, akarudi garini.

"Shikamooni wazee wangu," akasema Praygod.

"Marahaba," wakasema, wakanyamaza.

"Nina furaha kuwa tena Lihangwe, kijiji ambacho kwa ukarimu hakina mfano katika wilaya nzima!"

Mawimbi yakapita kwenye mikono ya watu. Majembe yakatikisika. Boga moja likaanguka, likaokotwa haraka kwa aibu. Hakuna kofi.

"Nimesikia pia timu yenu ya mpira imewafunga Maguu!"

Hilo lilikuwa pigo baya. Mama mmoja alimbana mtoto mpaka akalia. Wachezaji wenyewe, waliosimama nyuma na vinu, waliuma midomo. Lakini walistahimili, na Bonifasia, akiwatazama, alihisi kitu kikipanda kifuani ambacho hakuwahi kukihisi hata walipompokea askofu.

Praygod akajikuna shingo. Akabadilisha njia. "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele na milele, amina!" uwanja ukanguruma, kwa sababu zipo adabu ambazo huwezi kuzishikia boga.

Kalamu ya Afisa ikagusa karatasi. Ildefonsi akaruka mbele. "Hiyo amina ni ya Mungu! Si ya rasimu! Iandikwe hivyo!"

"Sijaandika kitu, katekista. Ni tarehe."

"Iandikwe tarehe tu, basi."

Praygod akasoma rasimu kwa sauti, na safari hii, hakuna mvua, watu wakasikia kila neno. Alieleza na faida zake. Kampuni ingejenga darasa. Vijana wachache wangepata kazi ya kubeba mizigo ya wageni. Alisema kwa upole na bila hila, kama mtu aliyetumwa. Alipomaliza, uwanja ukawa kimya kama Ijumaa Kuu.

Akangoja. Akatazama saa.

"Basi," akasema, "kama hakuna neno, kwa utaratibu ukimya nao ni kukubali. Ninafunga."

Mtu angeweza kusikia damu ikiwatoka watu usoni. Kwa siku mbili nzima walikuwa wamejifunza kunyamaza, na kumbe kunyamaza nako kulikuwa na karatasi yake. Mzee Mansuetus alifungua mdomo apate kunukuu kanuni, lakini kanuni zote zilimkimbia kwa pamoja. Watu wakamtazama Bonifasia tena, kama siku ile ya kahawa. Tofauti ni kwamba leo hakuna aliyecheka.

Akapiga hatua mbele na boga lake.

"Mwanangu," akasema, "usifunge. Mimi nimekuja kuchukua makofi yangu."

"Makofi gani, mama?"

"Ya mwezi wa pili. Na vigelegele vyangu vyote. Vile vilikuwa vya kukupokea wewe na wenzako, kwa sababu mlikuwa mmelowa na mmetoka mbali. Mlipoondoka mkavibeba mkaenda kuvipa sheria. Sheria sikuipokea mimi. Sikuisikia hata. Nirudishie."

Praygod akatabasamu kidogo. "Mama yangu, makofi hayarudishwi."

"Uliyaandika?"

"Yaliandikwa."

"Kama yalifaa kuandikwa, yanafaa kufutwa. Au mnajua kuongeza tu?"

Kicheko kikatoka pembeni, kikamezwa. Praygod hakuwa mjinga. Aliacha kutabasamu, akafunua ukurasa mpya. "Nieleze basi kwa nini unapinga, mama. Niandike sababu, si makofi."

Bonifasia hakuwa ameandaa hotuba. Kazi yake siku zote ilikuwa kuwaimbia wanaohutubu. Akalihamisha boga kutoka nyonga hii kwenda nyonga ile.

"Darasa tunalitaka," akasema. "Madarasa yaliyopo tulifyatua matofali wenyewe, na hilo nalo tutafyatua. Lakini chemchemi hatuwezi kuifyatua. Mume wangu alisimama hapa hapa, wakati watu hawa na baba zao wanataka kuufyeka ule msitu, akawakatalia. Mwenyekiti, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," akasema Mzee Mansuetus. "Nilikuwa upande wa kufyeka. Tulishindwa kihalali."

"Walimtukana, kisha wakapanda naye ile mikuyu. Tangu siku hiyo sisi wenyewe hatuwindi mle. Hata njaa ile kubwa, hakuna aliyeingia na mkuki. Watoto wetu wanawajua palahala kwa sura. Sasa unaniambia mtu atoke mbali, atoe pesa, apige mnyama ambaye mimi nimemwacha na njaa yangu? Na mimi nizuiwe kwenda kuteka maji, ili nisimwogopeshe mnyama wake?" Alivuta pumzi. "Wanyama wale si wangu na si wako. Na ule msitu ni wa kijiji, wa waliokufa na wa ambao hawajazaliwa. Mimi sina ruhusa ya kuugawa. Nilipiga kigelegele kwa kutojua. Leo najua, na nasema hapana."

Saida akanyanyua mbasa wake juu ya vichwa vya watu. "Na uandike na huyu! Huyu samaki, wakati wa mvua, anatoka ziwani anapanda mto kutaga mayai. Mto wenyewe unaanzia kwenye hiyo chemchemi. Mkiuvuruga msitu, mto ukachoka, kule kwetu Mbamba Bay watu watakula nini, kofia za wawindaji?"

"Jina la samaki?" akauliza Praygod, akiandika.

"Mbasa. Andika kwa herufi kubwa."

Afisa akaandika kwa herufi kubwa. Kisha akasimama wima. "Haya. Tupige kura kihalali. Wanaopinga msitu wa Lihangwe kuingizwa kwenye kitalu, wanyooshe mikono."

Hapo ndipo Lihangwe ilipogundua kosa lake. Mikono yote ilikuwa na kazi.

Kulikuwa na sekunde moja ya hofu. Ukiweka boga chini, unaweza kulikanyaga. Ukimweka jogoo chini, humwoni tena. Mtoto wa kuazima humweki chini kabisa, mama yake anakutazama. Watu wakatazamana, na Bonifasia ndiye aliyekata shauri. Alishika pumzi, akakunja magoti, akalinyanyua boga lile kubwa kwa mikono miwili mpaka juu ya kichwa chake, likakaa huko kama mwezi.

Basi wote wakanyoosha. Vilinyooshwa vinu na majembe. Ilinyooshwa mikungu ya ndizi. Watoto wachanga walipaa juu wakashangaa, wengine wakafurahi. Debe la pombe likanyooshwa, likamwagika, ikathibitika kuwa lilikuwa limefunguliwa. Jogoo wa Xaveri akawika. Mzee Mansuetus alinyoosha muhuri na wino kwa pamoja, na wino ukamshukia kwenye shati jeupe bila yeye kupepesa jicho. Ildefonsi alipoinua mkono, ulimi wa kengele ukamponyoka, ikalia juu ya mkutano mzima, na wazee wawili wakapiga magoti kwa mazoea.

Praygod alisimama katikati ya haya yote na kalamu yake. "Nihesabu mikono au maboga?" akauliza.

"Hesabu chochote!" akajibu Saida. "Vyote vinapinga!"

"Kuku hana kura."

"Basi mtoe. Bado tunakushinda."

Alihesabu kwa uaminifu, akipita kati ya mistari, na Bonifasia hakulishusha boga mpaka amalize. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, lakini alisimama hivyo huku akiwatazama watu wake, wachafu, wenye kelele, wamenyanyua kila walichonacho, na hakuna hata mmoja aliyeshusha kabla ya zamu yake. Akajua kwamba Meshack naye alisimama pale pale akiwa peke yake, na yeye leo hayuko peke yake. Alipoulizwa baadaye machozi yale ni ya nini, alisema boga lilikuwa zito.

Wanaokubali walipoitwa, hakukunyanyuka kitu, na Afisa akaandika kwamba mkutano mkuu wa Lihangwe umekataa, akasoma alichoandika kwa sauti, akampa mwenyekiti agonge muhuri. Wino uliobaki kwenye shati ulitosha.

Kisha wakampa chakula, kwa kuwa kumkatalia mtu mapendekezo yake ni jambo moja na kumwacha na njaa ni jambo jingine. Alikula ugali na mbasa, yule yule wa ushahidi, na kabla ya kuondoka akaomba apelekwe kuiona chemchemi. Bonifasia alimpeleka mwenyewe. Kijana alipiga magoti, akanywa kwa viganja, akazitazama nyayo zilizochongoka kwenye tope.

"Za nani hizi?"

"Palahala. Wamepita alfajiri."

"Wakubwa."

"Kwa sababu hawajakimbizwa," akasema Bonifasia.

Wiki chache baadaye diwani alipanda kwa pikipiki kuleta habari. Hakumkuta mtu nyumbani. Kijiji chote kilikuwa ukingoni mwa msitu kikifyeka njia ya kuzuia moto wa kiangazi, kazi ambayo kwa miaka mingi ilifanywa na wachache huku wengine wakiumwa migongo. Safari hii migongo ilikuwa imepona kwa pamoja. Bonifasia alikuwa mbele, kitenge kimoja tu kiunoni, panga mkononi.

"Mama Eunice!" diwani akaita toka mbali. "Rasimu imerudishwa! Msitu wenu umetolewa, na vijiji vingine vyote vilivyomo kwenye rasimu vimeambiwa viitishe mikutano yao upya, visikilizwe kwanza. Mkumbi wameshanipigia simu, wanauliza ninyi mlifanyaje!"

Watu wakaacha kufyeka. Bonifasia akajifuta jasho, akaangalia umbali ambao njia ya moto ilikuwa bado haijafika, mkuyu mmoja baada ya mwingine, mpaka pale inapopinda kushuka upande wa Liparamba.

"Waambie waje," akasema. "Waje na mapanga yao. Tutawaeleza tukiwa tunafyeka."

Akainama, akaendelea.